Miisho Kumi na Mmoja

Jumatatu ya kwanza ya likizo ya mwezi wa sita
muhuri wa tarehe uligoma Aprili.
Bwana Hiza akaugonga mezani, akaupuliza, akausihi,
mwishowe akaufungua kwa kisu cha mkate,
na kabla Juni haijakaa sawa
baiskeli tatu zilikuwa zimeegemea ukuta wa maktaba
na watoto saba wameteremka.

Wametoka Ngamiani barabara ya kumi na nne, wametoka Makorora,
wawili wa Chumbageni walikuwa wametumwa chumvi.
Tuliwahesabu kwa vijiti daftarini,
vinne wima, cha tano kimelala juu yao.
Kufika adhuhuri ukurasa ulikuwa uzio.

Usidhani kazi yetu ni kusema "shh".
Ni kupika gundi ya unga wa muhogo kwenye jiko la chai,
kushona mgongo wa kamusi kwa uzi wa magunia,
kujua kwamba feni ya pili ikifika namba tatu
inapeperusha kadi zote za herufi M.
Ni kumpokea Kibwana Shekiondo, siku tisa baada ya muda,
mkononi kitabu kisicho na jalada, na karatasi:

*Kitabu kimechelewa, mbuzi ndiye mkosaji,*
*Jalada limeng'olewa, limeliwa kama uji,*
*Faini nimeambiwa, mtozeni mfugaji,*
*Mimi hapa naonewa, msomaji si mlaji.*

Bwana Hiza akahesabu mizani kwa vidole.
Imetimia, akasema, akafuta faini.
Mwantumu wa mapokezi akanung'unika
kwamba kesho mji mzima utakuja na mbuzi.

Saa nne ni saa ya hadithi.
Niliwasomea ya ndugu wawili waliorithi kisima kimoja,
nikafunua ukurasa wa mwisho: haupo.
Mchwa, au mtu.
Ndugu wamesimama, ndoo imeshashuka,
kamba inavuta kitu kizito,
na baada ya hapo ni gamba tupu.
Zogo lililozuka lilimfikisha Mwantumu mlangoni.
Basi malizieni wenyewe, nikasema,
nikagawa fomu za mwaka juzi, upande wa nyuma.

Mwanjaa hakuandika.
Nilikuwa nikimwona tangu siku ya kwanza:
anafunua jirani yake anapofunua,
anacheka nusu pumzi baada ya wenzake.
Siku moja kitabu chake kilikuwa kichwa chini
na bado alifunua kwa wakati.
Ipo aibu usiyoiita kwa jina.
Nikamwambia mkono wangu unauma,
njoo unigongee muhuri.

Akagonga. Akagonga tena. Kidole kikatua kwenye JUN.
Huyu mwenye ndoana ni nani?
J, nikasema. Unaye, kwenye jina lako.
Na huyu wa mwisho, N, ndiye anayemtangulia.
Na wa katikati?
U. Huyo huna. Tutakuazima.
Akataka kujua amrudishe lini.

Miisho ikaja. Sanduku la dhahabu, bila shaka.
Jini mwenye simu iliyoisha chaji.
Mmoja aliwaua wote, hata ndoo.
Kibwana alileta beti nane na kisima bado hakijafikiwa.
Kumi kwa jumla, tukadhani tumefunga hesabu.

Ijumaa ya mwisho, Mwantumu anafagia,
Mwanjaa akaweka karatasi mezani akaondoka mbio.
Penseli ilikandamizwa hadi ikatoboa:
*kisha wakala*

Tulizibandika zote kumi na moja.
Kitabu sasa hakifungi, kimevimba kama andazi.
Yake tuliiweka mwisho.
Tulijaribu kuiweka kwingine,
lakini watu wakishakula, utaongeza nini?

Julai, shule zimefunguliwa. Daftari lina vijiti viwili,
mmoja ni mpiga rangi anayesubiri mvua ikatike.
Nasugua gundi kwenye kucha.
Jana kitabu cha kisima kilirudi, siku moja kabla ya muda.
Kwenye kadi, herufi saba za jina, zimepinda kushoto,
na pembeni kabisa, peke yake,
imeandikwa U.